Swimingi ya nyumbani ikiwa haionyeshi chini: msitie klorini tena kabla ya kupima

Kipupwe_Jambiani
Asalam alaykum wana jamvi. Niwieni radhi uzi huu utakuwa mrefu ila nna jambo limenikaa rohoni tokea Idi, nikilifupisha halitofahamika.

Mie kazi yangu ni swimingi. Nimeanza kijana mdogo kwenye hoteli moja huku pwani ya mashariki, miaka miwili naokota majani kwa wavu kabla sijaruhusiwa kugusa dawa, na sasa nashughulikia mabwawa ya nyumba za watu, Jambiani, Paje, mpaka Fumba na Mbweni.

Idi pili tulikuwa kwa dada yangu Bububu. Ana kibwawa cha mita 8 kwa 4, upande mmoja mtoto wa skuli anasimama, upande wa pili hata mie maji yananipita kichwa. Watoto kama kumi na tano wamo majini na maji yenyewe meupe kama tui la pili. Mchana wakaitwa kula, wakatoka, kuhesabu mmoja hayupo, mtoto wa mdogo wangu, ana miaka 5. Watu wote tukageuka kuangalia maji na maji hayaonyeshi kitu, hata ngazi ya pili ya kushukia huioni. Tukaruka watatu na kanzu zetu tunapapasa chini kwa miguu, mama yake kashika kichwa analia, hapo tena akatokeza bibi yake mlangoni kamshika mkono mtoto, alikuwa jikoni anakula vileja. Alhamdulillah. Lakini zile dakika, sijui mbili sijui tatu, sizisahau mpaka naingia kaburini. Na ukoo mzima mtu wa swimingi ndo mie, kwa dada yangu nilikuwa napita nakunywa chai naondoka, sijawahi hata siku moja kuyapima yale maji.

Watu wanadhani maji safi ni mapambo, ya kupigia picha. Maji safi ni ili umuone aliye chini. Basi. Kama umesimama pembeni na huoni tundu la chini kwenye kina, asiingie mtu, hata kama wageni wamekuja kutoka Wete kwa ajili ya kukoga.

Kesho yake nikaenda na vifaa. Kijana wa pale akanambia wiki ile ametia klorini ya unga (ile wengi wanaita HTH) kilo nne na maji yamezidi kuwa meupe, akataka apewe pesa akanunue nyengine. Nikapima. pH (kipimo cha maji, ikishuka maji ni ya asidi, ikipanda ni ya magadi) imepita mwisho wa rangi za kisanduku cha kupimia, yaani juu ya 8.2. Sasa hapa ndo pa kupafahamu. Klorini nguvu yake inategemea pH, maji yakiwa 7.2 karibu theluthi mbili ya klorini yako inafanya kazi, yakiwa 7.5 ni nusu, yakifika 8 imebaki robo, nyengine imo lakini imelala tu. Kwa hiyo yule kijana katia kilo nne lakini iliyokuwa ikifanya kazi haifiki hata kilo moja. Halafu ile klorini ya unga ndani yake ina chokaa na yenyewe inapandisha pH, na maji ya visima vyetu Unguja yanatoka kwenye mawe ya matumbawe yana chokaa tele tayari, angalieni birika la chai la nyumbani lilivyoganda weupe. Chokaa juu ya chokaa, na pH iko juu, lazima maji yageuke maziwa. Ule weupe haukuwa uchafu, ilikuwa ni ile dawa yenyewe anayotia.

Nikafungua filta. Wallahi nilikaa chini. Ndani mna mchanga wa pwani, ule mweupe mlaini. Fundi aliyekuja kabla alibadilisha mchanga akamwambia dada mchanga ni mchanga. Nikachukua kiganja kimoja nikaweka kwenye kikombe cha zamani nikatonesha asidi, ukachemka povu kama soda. Mchanga wetu mweupe ni matumbawe na makome yaliyosagika, yaani chokaa tupu, ukiuweka kwenye filta unayeyuka kidogo kidogo unapandisha pH na ugumu wa maji kila siku pampu inapowaka, na kwa vile ni mlaini unapita mpaka bwawani. Mchanga wa filta ni ule wa silika, punje zake kama nusu milimita, unauzwa kwa mifuko, asidi ukiutonesha hautoi povu. Kama filta yako imejazwa na mtu usiyemuamini fanya jaribio hilo, ni dakika moja tu, ila ufanyie nje na usiinamie kikombe.

Jioni ntaendelea nilichofanya, sasa hivi nakwenda kazini.

Mama Watatu
Waalaykum salam kaka. Pole sana na tunamshukuru Mungu. Mie niko Mbweni tuna swimingi ndogo ya nyumba, wanangu wakitoka macho mekundu na harufu ya klorini imewakaa mpaka kwenye nywele, nikamwambia kijana apunguze dawa lakini naona harufu inazidi. Nimekosea wapi?

Kijana wa Paje
Mie nnavyojua kijani kikitokea unatia klorini ya kutosha tu hadi ikome, hizo pH ni za hoteli

Kipupwe_Jambiani
@Kijana wa Paje mdogo wangu, soma tena pale niliposema robo. Dada yangu katoa pesa ya kilo nne kwa wiki moja.

@Mama Watatu dada, hujakosea peke yako, hilo linawababaisha watu wengi. Ile harufu kali si ya klorini nyingi, ni ya klorini iliyochoka, imekutana na jasho na mkojo na mafuta ya mwilini ikageuka kitu chengine, na hicho ndo kinachowasha macho. Ukipunguza dawa unazidisha. Maji yenye klorini sawasawa hayanuki hivo. Wape watoto wakoge na sabuni kabla ya kuingia, khasa wakiwa wamepakwa mafuta ya nazi au liwa, na wapeleke chooni kwanza hata wakisema hawana haja. Kisha jioni moja utie kiwango kikubwa cha kuunguza ile iliyochoka, nakuja kukielezea.

Kipupwe_Jambiani
Haya, nimerudi, tuendelee.

Kwanza ujue bwawa lako lina maji kiasi gani, bila hivo unatia kwa kubahatisha. Urefu mara upana mara kina cha wastani kwa mita, zidisha kwa 1000, hizo ni lita. La dada ni 8 kwa 4 kwa wastani wa 1.4, karibu lita 45,000.

Mchanga wa pwani nikautoa wote nikatia silika mifuko mitatu ya kilo 25, nikaosha filta mpaka kile kioo kidogo kikaonyesha maji safi. Jioni nikatia asidi lita moja. Hapa nisikilizeni vizuri, ndoo inatiwa maji kwanza halafu asidi ndo inaingia ndani ya maji, usigeuze, ukimimina maji juu ya asidi itakurukia usoni. Ndoo ya plastiki, glavu, miwani, na upepo uwe mgongoni kwako. Unamwaga polepole upande wa kina na pampu inazunguka. Asubuhi nikapima bado iko juu kidogo, nikaongeza nusu lita, saa kumi jioni nikapata 7.4. Sikufanya haraka na msifanye haraka, asidi ukiizidisha utaanza kula grauti ya vigae na kutafuna pampu.

pH ilipokaa ndo nikatia klorini, gramu 700 tu. Kwa lita 45,000 hiyo inakupa kama 10 kwenye kipimo (miligramu kwa lita), na hicho ndo kile kiwango cha kuunguza nilichomwambia Mama Watatu. Nikatia baada ya magharibi. Kwa nini usiku? Kwa sababu jua letu hili linaila klorini, mchana wa kaskazi ukitia saa nne asubuhi na maji hayana kinga ya jua (ile dawa inayozuia jua lisiile klorini), alasiri unakuta haipo. Siku za kawaida ni gramu 100 mpaka 150 kwa bwawa kama lile, jioni, na lengo ni kipimo kisome baina ya 1 na 3. Ukiwa umetia kubwa hakuna kuingia mtu mpaka ishuke.

Ule weupe uliobaki niliumaliza kwa shabu. Wazee walikuwa wanasafishia maji ya kisima kwenye mtungi, ni ile ile. Kilo moja na nusu niliiyeyusha kwenye ndoo, nikaimwaga bwawa zima, mkono wa filta (ule wa kuchagua maji yapite wapi) nimeuweka pale maji yanapozunguka bila kupita kwenye mchanga, pampu ikazunguka kwa muda wa saa mbili, kisha nikazima usiku kucha. Asubuhi uchafu wote umelala chini kama zulia na juu maji yanang'ara. Sasa hapo wengi wanaharibu, wanavuta ule uchafu kupitia filta. Usifanye hivo. Unaweka mkono kwenye kutoa nje na unavuta taratibu bila kutimua, utapoteza maji sentimita kadhaa, utajaza. Na ukishamaliza pima tena pH maana shabu inaishusha.

Jambo la mwisho kwa leo, mkono wa filta usiuzungushe pampu ikiwa inawaka, hata siku moja, utakata mpira wa ndani na maji ya kuoshea filta yatakuwa yanarudi bwawani huku unajiuliza uchafu unatoka wapi.

Mkaazi wa Fumba
Shekhe umetufungua macho. Swali la umeme. Pampu inanimalizia tukuza (umeme wa kulipia kabla), kijana anaiwasha saa 24. Nikipunguza naogopa maji yatageuka. Saa ngapi zinatosha?

BintiWesha
Asalam alaykum. Niko Pemba, Chake. Sisi kwetu tatizo si weupe ni wekundu. Nyumba iko kwenye kilima, masika yakipiga udongo mwekundu unashuka na maji ya mvua mpaka ndani ya bwawa, yanakuwa kama chai ya maziwa, filta naiosha kila siku na hayabadiliki. Halafu mama anasema tutwange mbegu za mlonge tutie kama walivyokuwa wakifanya kwa maji ya kunywa. Ni kweli inafaa? Mwezi mzima watoto wananililia na mie nishawakatalia.

Kipupwe_Jambiani
@Mkaazi wa Fumba hesabu yake ni hii, angalia kwenye pampu imeandikwa inasukuma maji kiasi gani kwa saa. Ikiwa ni lita 10,000 kwa saa na bwawa lako ni 45,000, saa nne na nusu maji yote yamepita mara moja. Mie kwa huku kwenye joto napenda yapite mara mbili, yaani muda wa saa tisa kwa siku, saa 24 si lazima kabisa isipokuwa wakati unatibu maji yaliyoharibika. Zigawe, asubuhi iwake kwa muda wa saa tano na jioni kwa muda wa saa nne, ufunge taima ili isitegemee kumbukumbu ya mtu. Na umeme ukikatika siku nzima, usikae unaangalia tu, tia klorini yako jioni kwa mkono na upige burashi kuta, maji ya moto yaliyosimama siku mbili bila klorini yanaanza utelezi na ukishauona ule utelezi kwa jicho ujue tayari umeshazaliana.

Na geji ya filta (ile inayoonyesha msukumo wa maji) muiangalie jamani. Ukishaosha filta andika inasoma ngapi, mfano 10. Ikifika 18 au 20 ndo unaosha tena, dakika mbili tatu mpaka kioo kiwe safi, kisha ile ya kusuuza nusu dakika, ndo unarudisha. Kuna vijana wanaosha kila asubuhi kama swala, wanamwaga maji na dawa bure, na mchanga uliooshwa sana haushiki vumbi dogo vizuri.

@BintiWesha dada yangu, mama hajasema uongo. Mlonge unakusanya tope kweli, kwa ndoo ya maji ya siku moja unafaa. Lakini unabakisha chakula ndani ya maji, baada ya siku mbili yananuka, na bwawani kile chakula kitaila klorini yako yote na kuuotesha ukijani. Kwa bwawa tumia shabu. Udongo wenu mwekundu ni mlaini mno, chembe zake zinapita kwenye mchanga wa filta, ndo maana hata ukiosha mara mia hayabadiliki. Fanya kama nilivyoeleza juu, pima pH kwanza ikae 7.2 mpaka 7.5, shabu, zima usiku, vuta nje. Ukiwa umepata masika makubwa huenda ukarudia mara mbili. Lakini kabla ya yote mwite mwashi akujengee kijiukuta cha tofali moja au mtaro upande wa mlimani, maji ya mvua yapite pembeni. Bila hivo utakuwa unatibu kila mvua ikinyesha.

Kijana wa Paje
Kaka mie nataka nihamie kwenye swimingi za chumvi, nasikia hazitaki klorini kabisa. Si nichukue maji ya bahari tu yako hapo

Kipupwe_Jambiani
Hapana. Swimingi ya chumvi ni ya klorini vile vile, tofauti ni kuwa kuna mashine inapitisha umeme kwenye maji yenye chumvi na kuitengeneza klorini hapo hapo. Chumvi yake ni gramu 3 mpaka 4 kwa lita, bahari ni kama gramu 35, mara kumi. Ukitia maji ya bahari mashine itazima na vyuma vyote vitaoza, ngazi, taa, pampu. Na pH ya swimingi za chumvi hupenda kupanda yenyewe, kwa hiyo asidi utaitafuta zaidi. Wenye visima karibu na pwani pimeni chumvi ya kisima, huku kwetu kiangazi kikikaza kuna visima vinageuka chumvi kabisa.

Mama Watatu
Kaka kijana wangu anatumia vile vidonge vikubwa anaviweka kwenye kile kiboya kinaelea. Ni sawa?

Kipupwe_Jambiani
Ni sawa kwa kiasi dada. Vidonge vile vina kinga ya jua ndani yake, ndo uzuri wake, na ndo ubaya wake. Kinga inatakiwa iwe 30 mpaka 50, haiondoki kwa jua wala maji yakikauka, na kila klorini 10 unayopata kwenye vidonge inakuachia kinga 6. Miezi michache umefika 100 na zaidi, hapo klorini imefungwa kamba, unaipima ipo, na ukijani unaota mbele ya macho yako. Dawa yake nyepesi ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mapya. Mie natumia vidonge wiki chache kiangazi kinapoanza, kinga ikishafika 40 narudi kwenye unga.

Na hili mnisikilize wote. Vidonge na unga visikutane. Kijana mmoja niliyekuwa nikifanya naye kazi alichota unga kwa kikopo kilichokuwa na vipande vya kidonge na kina unyevu, kikafuka moshi na kuripuka, mkono wake wa kulia una kovu mpaka leo. Kila dawa na kikopo chake, kikavu. Klorini na asidi pia zisikae chumba kimoja, mvuke wake tu ukikutana ni sumu ya kuua mtu. Na petroli ya jenereta iwe mbali kabisa na stoo hiyo. Nimeona nyumba ambazo vyote vinne viko chini ya ngazi na watoto wanacheza hapo.

Mkaazi wa Fumba
Shukran kwa taima. Jengine, jirani yangu yuko nje ya nchi, bwawa lake limeachwa, ni kijani kiza na mbu usiku hatulali. Tumwambie alimwage?

Kipupwe_Jambiani
Mwambieni, lakini asilimwage lote sasa hivi. Mbu kutoka yai mpaka kuruka ni siku saba mpaka kumi tu, kwa hiyo haliwezi kusubiri arudi. Ila bwawa tupu wakati wa masika au karibu na pwani wakati wa bamvua ni hatari, maji ya ardhini yanapanda yanasukuma kutoka chini na bwawa linapasuka au linanyanyuka zima. Nimeliona moja huku kwetu limenyanyuka upande mmoja kama dau lililopwelewa. Apunguze nusu, mtu awe anatia klorini kila siku mbili na kupiga burashi, au kama hana mtu basi watie perege wale viluilui mpaka mwenyewe arudi, lakini perege na klorini achague kimoja. Na uzio wa kuzuia watoto wa mtaani uwekwe leo, hiyo ndo ya mwanzo kuliko mbu.

Maji yanayotoka kwenye filta na yale ya kuvutia nje msiyaelekeze kwenye kisima wala kwenye karo. Ardhi yetu ya mawe ina matundu, unachomwaga hapa jirani anakinywa pale. Yaache kwanza siku mbili tatu kwenye shimo au tangi juani, klorini iishe, ndo uyamwage.

BintiWesha
Kaka Kipupwe, narudi kukupa habari. Mwashi amejenga kijiukuta cha futi moja upande wa mlimani na mvua ya juzi imepita pembeni yote. pH ilikuwa 7.8 nikaishusha. Shabu nimetia mara mbili kama ulivyosema, mara ya kwanza chini pakakaa tope jekundu nene, nikavuta nje asubuhi nikajaza, mara ya pili likawa kidogo tu.

Leo siku ya nne. Nimetupa shilingi mia kwenye kina nikasimama pembeni, nimeiona inang'ara na nimemwita mama naye akaiona. Watoto wako mlangoni na nguo za kukogea tokea saa nane, klorini bado inasoma 6, nimewaambia mpaka nipime tena kesho.

Kipupwe_Jambiani
Mashallah dada. Kesho ikifika 3 waruhusu, na wewe ukae hapo hapo pembeni.